Barua ya Kurasa Mbili

Jumatatu, 2 Septemba 1968

Barua tisa leo. Utepe wa taipu umechakaa, herufi zinatoka kijivu. Jua lilinifikia mezani saa nne, nikasogeza kiti mpaka kwenye nguzo. Muhindi wa duka la vitambaa, ambaye veranda ninayofanyia kazi ni yake, hakusema kitu. Ananiheshimu. Kuanzia mahakamani mpaka posta waandishi wa barua tuko saba, na wale sita wanajua wa kwanza ni nani.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha kazi, sikichezei nyumbani.

Mteja wa mwisho alikuwa Zabloni. Mpishi, Lavington, mtu wa Maragoli. Mrefu, mpole, mikono ina harufu ya sabuni. Amempikia memsabu mmoja miaka kumi na tisa. Memsabu amezeeka, amerudi kwao Ulaya, nyumba imeuzwa. Wakala wa nyumba hapa mjini amemwambia Zabloni hivi: mwenye nyumba mpya anahitaji mpishi, na chumba cha nyuma ni cha mpishi. Kama anataka kubaki aandike barua ya Kiingereza, ifike kabla ya tarehe kumi na nne. Kama hataki, atoke mwisho wa mwezi.

Mkewe, Rebeka, anaumwa kifua. Tangu Machi anakwenda hospitali hapa Nairobi mara mbili kwa wiki kupigwa sindano. Daktari amesema mpaka Krismasi, na asikose hata siku moja. Wakitolewa Lavington hawana pengine pa kulala hapa mjini. Ni kurudi Maragoli, na sindano zikatike katikati.

"Karani," akaniambia, "wewe andika tu nibaki."

Nikamwambia akae. Nikamsimulia kwanza ile ya Gavana, nilivyomwandikia mjane mmoja wa Malindi barua, Gavana akaanza kuisoma amesimama, akaimaliza amekaa, analia. Kila nikiisimulia Gavana huzidi kulia. Leo nimempa na kitambaa cha hariri.

Kisha nikaandika. Kurasa mbili zilizojaa. Nikamsomea kwa sauti, watu wanaopita wakasimama. Zabloni hajui Kiingereza zaidi ya cha jikoni, lakini machozi yalimlengalenga. Barua nzuri mtu huisikia hata asipoielewa.

Nimechoka. Nimeridhika.


Alhamisi, 5 Septemba

Mwanaisha kanikasirisha.

Huyu ni binti wa dada yangu. Miaka ishirini na miwili. Anakaa nami hapa Kangemi katika vyumba viwili tangu alipokuja kusomea taipu na hati mkato. Sasa anapiga chapa katika ofisi ya bima mjini, ghorofa ya tatu, na kichwa chake kimepanda huko huko.

Leo karudi na karatasi. Mkubwa wa ofisi yake ameibandika ukutani na kila karani kapewa nakala. Upande wa kushoto ni maneno ya Kiingereza yasiyotakiwa tena katika barua. Upande wa kulia, yale ya kuandika badala yake. Nimeisoma yote. Upande wa kushoto ni mimi mtupu.

"We are in receipt of your esteemed favour", yaani tumepokea barua yako tukufu. Ati acha, andika "Thank you for your letter." Ile "at this present moment in time", ambayo naipenda kwa sababu inajaza mstari, ati andika "now", sasa. Herufi tatu! Mtu ametoka Dagoretti kwa miguu kuja kuandikiwa barua, nimpe herufi tatu?

Nikamwambia huo ni uvivu wa watu wa bima. Akacheka. Kisha akachomoa mkobani mwangu nakala ya barua ya Zabloni. Akaisoma amesimama mlangoni.

"Mjomba, huyu mtu anaomba nini?"

"Soma."

"Nimesoma. Ukurasa mzima anashukuru. Anashukuru nyumba, anashukuru jiko, anaiombea dua paa. Paa, Mjomba!"

"Soma wa pili."

Akausoma. Kidole kikashuka mpaka mstari wa kumi na moja, kikasimama. Akausoma mstari huo kwa sauti: "The undersigned shall not be found unwilling, should Providence so incline your goodness, in the matter of his continuance." Kwa Kiswahili nilikusudia kwamba mwenye barua hatakataa, iwapo Mungu ataielekeza huko hisani yenu, katika habari ya kuendelea kwake. Mwenyewe nauona ni mstari mzuri.

"Hapa ndipo anapoomba kazi?"

"Ndipo."

"Ningempita njiani mtu huyu nisijue kama anaomba."

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia yeye kazaliwa juzi. Kwetu Malindi ukienda kumwomba mtu kitu huingii ukakitaja. Unapiga hodi. Unaamkia. Unauliza hali ya watoto, ya wazee, ya shamba. Unanywa kahawa. Unamshukuru kwa jambo alilokutendea zamani, hata kama hulikumbuki vizuri. Ndipo. Barua yangu inapiga hodi. Hizo za bima zinavunja mlango.

Akaenda kukuna nazi.

Barua ishapelekwa. Zabloni aliipeleka mwenyewe Jumanne.


Jumapili, 8 Septemba

Sikutoka kwenda mjini. Nimekunywa kahawa na watu pale njia panda. Nimewaambia habari ya ile karatasi, lakini nimeigeuza kidogo: nimesema ofisi ya bima imeniita niwafundishe makarani wao. Wameamini. Mmoja akauliza nitaanza lini.

Sijui kwa nini nilisema hivyo.


Jumamosi, 14 Septemba

Tarehe ya mwisho ya barua. Zabloni alipita mezani kuniamkia. Kaniletea maparachichi manne, makubwa, ya mti wa memsabu. Anasema Rebeka ameongezeka uzito. Anasema mkewe ameanza kupiga magoti tena kusali, zamani alikuwa akisali amelala.

"Barua yako, karani, mimi ninajua italeta kitu."

Nikamwambia asubiri, wakubwa hujibu polepole kwa barua nzito.

Nimekula parachichi moja na chumvi. Mwanaisha kala mawili. Hatusemeshani sana.


Jumatano, 18 Septemba

Siku mbaya.

Zabloni alikuja saa tatu asubuhi, kabla sijaondoa kifuniko cha taipu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kashika bahasha kwa mikono miwili. Furaha ilikuwa imemjaa. Hakuifungua. Alitaka niifungue mimi.

Ilitoka kwa wakala. Mistari minne. Nikaisoma kimya. Nikaisoma tena. Mara ya tatu nikawa natafuta tu kama kuna nyuma.

Inasema: tunakushukuru kwa barua yako nzuri ya kuaga. Mwenye nyumba amefurahi kuona mtumishi anayeondoka kwa heshima namna hiyo. Tafadhali rudisha funguo za jiko na za chumba tarehe thelathini mwezi huu. Tunakutakia safari njema.

"Wanasemaje?"

Sikuweza kumtazama. Nikamwambia. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Lakini mimi sikuaga mtu."

"Ni wao," nikasema. "Wamekosea ofisini. Makarani wa siku hizi hawasomi. Watakuwa wamechanganya bahasha mbili. Mimi nawajua, nitakwenda mwenyewe kesho, nitawagongea meza."

Akanishukuru. Alinishukuru, huyu mtu! Akaondoka na koti lake la kanisani.

Nilijua palepale. Hakuna bahasha zilizochanganywa. Nimeandika uongo mwingi maishani, mwingi wa kuchekesha. Huu wa leo hauchekeshi.


Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda kwa wakala. Nilivaa tai. Ngazini nilikuwa nimepanga maneno ya kumwangushia mtu.

Karani wao ni mama wa Kigoa, mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Meza yake imejaa barua mpaka ukingoni. Hakunidharau. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Zabloni mpishi. Akainuka, akafungua kabati, akatoa jalada. Barua yangu ilikuwa ndani, imetobolewa matundu mawili na kufungwa uzi. Juu ya jalada wameandika kwa penseli nyekundu neno moja la Kiingereza lenye maana ya kwisha.

"Hii barua mzuri sana," akasema. "Mimi nasoma ukurasa ya kwanza yote. Huyu anasema asante, kwaheri, Mungu linda nyumba. Mimi naambia bwana mkubwa, ona, mtumishi ya zamani iko na adabu. Sasa shida gani?"

Nikamwonyesha mstari wa kumi na moja wa ukurasa wa pili. Akausoma. Akavua miwani.

"Hapa yeye anataka kubaki?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hasemi?"

Nikausoma tena mstari wangu.

Kisha akauliza nani aliyeiandika. Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu kuliko yote. Nilisema mwandishi ni mzee mmoja wa pale mahakamani. Nikasema amefariki. Akanipa pole. Nikapokea.

Amesema hivi: mtu mwingine ameshapendekezwa kwa upishi, lakini hajathibitishwa. Zabloni akileta barua nyingine Jumatatu, ya ukurasa mmoja, ataiweka yeye mwenyewe mbele ya mkubwa. "Lakini mwambie, mara hii aseme."

Nimerudi mezani. Sikupiga hata herufi moja. Wateja wawili nimewaambia mashine imeharibika.


Ijumaa, 20 Septemba

Baada ya swala ya Ijumaa nimejaribu barua ya Zabloni. Karatasi ya kwanza, kwa unyenyekevu, "I have the honour most humbly". Nikaitoa. Karatasi ya pili, kwa magoti, "With due respect and bended knees". Nikaitoa. Karatasi ya tatu nilitaka kuanza na mke wake, ikatoka "I am having a wife of whom sickness has been holding", mke ambaye ugonjwa umekuwa ukimshika. Nikaitazama. Huyo Rebeka yuko wapi humo ndani? Kama mtu aliyefunikwa mablanketi saba, humuoni hata pua.

Nimeharibu karatasi kumi na moja. Sijui njia fupi. Sikufundishwa. Huo ndio ukweli na nauandika hapa tu.


Jumamosi, 21 Septemba

Mwanaisha hutoka kazini mchana siku ya Jumamosi. Nilimngoja. Alipokwisha kula nikaweka taipu mezani na ile karatasi ya bima kando yake.

"Nisaidie," nikamwambia.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivuta kigoda.

Nikamweleza yote, na mzee aliyefariki pia. Hapo alicheka kidogo, kisha akanyamaza aliponiona uso.

Tukaanza. Kila mstari aliniuliza swali moja tu, na kwa Kiswahili: "Unataka kumwambia nini?" Nikisema, anasema, "Basi andika hilo." Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupasua kuni. Yale mablanketi saba tukayaondoa moja moja. Mstari wa Rebeka ukatoka hivi: "My wife has been ill since March." Mke wangu anaumwa tangu Machi. Kwa Kiingereza, maneno saba. Nikaenda kunywa maji. Nilikuwa nimeandika habari ya mwanamke huyu wiki tatu nzima na sikuwa nimemwona mpaka pale.

Mwanaisha akaniuliza yale maneno yangu mengine niliyapata wapi. Watu wote nimewaambia nilikuwa karani wa Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Dada yangu anajua si kweli, lakini hakumwambia mwanawe. Nikamwambia mimi. Nilitoka shule darasa la nne. Kwa Bwana Disii nilikuwa tarishi. Nilifagia, nilibeba majalada, nilichemsha chai. Jioni nilikuwa namwaga kapu la taka, na mle mlikuwa na barua. Za watu waliokuja kuomba, kurasa tatu, kurasa nne, maneno mazuri kama nguo za sikukuu. Nikazikunjua, nikazipiga pasi, nikazikariri. Miaka sita. Ndicho chuo changu.

"Mjomba," akasema polepole, "zilikuwa kwenye kapu."

"Najua."

"Hukujiuliza?"

Sikujiuliza. Nilikuwa kijana, na zilikuwa nzuri.

Tukaendelea. Mstari wa mwisho Mwanaisha aliupendekeza yeye, kwamba katika barua ya kwanza kosa lilitokea. Kiingereza safi, cha upande wa kulia. Nikausoma mara mbili. Nikamuuliza, kosa lilitokea, nani alikosea? Barua haisemi.

Akanitazama. "Unataka iseme?"

Nikauandika mwenyewe, peke yangu, bila msaada. Chini ya mahali pa sahihi ya Zabloni. "I wrote the first letter for him. The mistake was mine, not his. Omari Fadhili, letter-writer." Yaani barua ya kwanza niliiandika mimi, na kosa ni langu, si lake. Mwanaisha aliupitia. Hakubadilisha hata nukta.

Barua nzima haijafika nusu ya ukurasa.


Jumapili, 22 Septemba

Nimekwenda Lavington kwa miguu. Nyumba kimya, mapazia yameondolewa, mlinzi ananitazama kama mwizi. Zabloni na Rebeka walikuwa wamerudi kutoka kanisani. Chumba kimoja, kitanda, sanduku, masufuria yanang'aa. Rebeka alitaka kuinuka anisalimie, nikamwomba akae. Sura nyembamba. Macho makubwa yenye kicheko.

Nikamsomea Zabloni barua, kisha nikamfasiria neno kwa neno. Ilikwisha kabla hajakaa sawasawa.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

Akaigeuza kutazama nyuma. Akampa mkewe, naye akaigeuza.

"Karani, hii ni fupi. Watafikiria mimi sina adabu. Ile ingine ilikuwa na heshima. Au umenikasirikia?"

Ikabidi niseme. Nilisema nimesimama, kofia mkononi. Kwamba ofisi haikukosea. Kwamba nilificha ombi lake chini ya shukrani mpaka likapotea, kwa sababu nilitaka barua iwe nzuri. Kwamba nilimdanganya Jumatano.

Akaichukua barua mkononi mwa mkewe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Uliniambia ni wao."

"Ndiyo."

"Mimi nilienda kuwaombea kanisani. Wale makarani. Mungu awafungue macho."

Rebeka akaguna. Sijui kama kilikuwa kicheko au kikohozi. Akamwambia mumewe, "Weka sahihi, baba. Huyu mwingine ameshaweka yake."

Akaweka. Hakunisindikiza.


Jumatatu, 23 Septemba

Barua nimeipeleka kwa mkono, saa mbili na robo. Mama wa Kigoa aliisoma palepale. Alipofika chini akaniangalia juu ya miwani.

"Omari Fadhili. Huyu si ndiye alikufa?"

"Ndiye mimi."

Nilingoja anifukuze. Akapiga muhuri wa tarehe, akaiweka juu kabisa ya rundo. "Kwa marehemu unaandika vizuri sasa," akasema. "Nenda."


Jumatano, 25 Septemba

Hakuna jibu.

Nimeandika barua nne. Fupi. Mteja mmoja alikataa kuchukua yake, akaenda kwa jirani yangu wa nguzo ya pili akaandikiwa ndefu. Nilimsikia akisomewa. Nilijua kila neno kabla halijasemwa.

Naona wivu. Maneno yale ni kama nyumba niliyokulia.


Ijumaa, 27 Septemba

Hakuna jibu. Mlinzi wa Lavington alipita mjini, nikamuuliza. Anasema Zabloni amefunga sanduku kwa kamba, akalifungua, akalifunga tena. Anasema Rebeka amekwenda sindano leo kama kawaida.

Nimeswali rakaa mbili zaidi. Nilitafuta maneno ya dua kwa Kiarabu, nikachoka. Nikaomba kwa Kiswahili. Abaki. Basi.


Jumamosi, 28 Septemba

Jibu limekuja. Zabloni kaniletea, bahasha imefunguliwa tayari. Mwalimu wa kanisani kwake alimsomea. Hakunipa mimi niisome kwanza, na alikuwa na haki.

Upishi umekwenda kwa yule mwingine. Alithibitishwa Ijumaa, siku tatu kabla ya barua ya pili kufika. Barua inasema kama wangejua mapema wangemchukua Zabloni bila swali. Imeandikwa hivyo, wazi, kwa maneno mepesi ambayo hata mimi siwezi kuyageuza yawe kitu kingine.

Lakini mwenye nyumba ameelewa habari ya Rebeka. Chumba cha nyuma wakae mpaka mwisho wa Desemba, amalize sindano. Mpishi mpya ana kwake Kawangware, hakihitaji kwa sasa. Zabloni atatunza bustani mpaka hapo, kisha ataondoka.

"Sindano itamaliza," Zabloni akasema.

"Itamaliza," nikasema.

"Kazi imeenda."

"Imekwenda, ndugu yangu. Kwa mkono wangu."

Alitazama mtaani. Nilitaka aniseme. Angenitukana mbele ya watu wote wa veranda ningepona haraka. Akasema tu, "Barua ya kwanza ile, nikiisikia, nilijiona mimi ni mtu mkubwa. Sijawahi kusemwa hivyo." Akakunja bahasha, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Nimezihesabu siku. Kutoka tarehe mbili hadi ishirini na tatu. Mtu alikuwa na kazi katika mstari mmoja, nami nikaupeleka mstari ule ukurasa wa pili.


Jumatatu, 30 Septemba

Nimeichana ile nakala ya kurasa mbili. Kisha nimejuta, nikaokota vipande. Kisha nimevitupa kabisa.

Kwenye daftari la kazi nimechora mstari katikati. Kushoto naandika maneno yangu, kulia Mwanaisha ananisaidia kutia mengine. Tumefika arobaini na mbili. Mengine ananiachia. "Hili zuri, Mjomba, libaki kwa barua za mapenzi."


Jumapili, 6 Oktoba

Tumekwenda Lavington, mimi na Mwanaisha, kumtazama Rebeka. Tulichukua machungwa na nazi mbili. Sikuwa na hakika kama tutapokewa. Mwanaisha alibisha hodi. Rebeka akasema karibuni.

Tulikaa nje ya chumba, kwenye kivuli cha ukuta. Zabloni alikuwa anapalilia vitunguu, akaja, akanawa mikono, akanipa kigoda. Aliniita karani, kama zamani, lakini taratibu zaidi. Mwanaisha na Rebeka wakazungumza habari za nywele.

Jiko la nyumba kubwa lilikuwa wazi. Mpishi mpya alikuwa anakaanga kitu. Tulisikia mwiko, tukasikia sufuria likiburutwa juu ya chuma. Harufu ya nyama, kisha harufu ya kuungua kidogo. Zabloni aliinua kichwa. Akainuka nusu, mikono imeshanyooka. Kisha akakaa tena, akaiweka mikono yake juu ya magoti.

Nilikuwa na visa vitatu vya kumchekesha Rebeka, nilivipanga njiani. Sikusimulia hata kimoja.

Tulikaa mpaka jua likashuka. Katika muda wote huo Rebeka alikohoa mara mbili tu. Nilihesabu.